Kwaresima ya Antiokia: padre, sanamu zilizoangushwa, na viapo

Siku chache kabla ya Kwaresima ya mwaka 387, padre mmoja wa Antiokia alihubiri juu ya mvinyo. Somo lilikuwa lile neno la Paulo kwa Timotheo, kwamba asiendelee kunywa maji tu bali atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Padre akalipeleka neno hilo hadi kwenye swali la kila mgonjwa: mtu mwema kama Timotheo anauguaje, na Mungu anamwona? Alihubiri kirefu, akatoa sababu moja baada ya nyingine, kisha akafunga kwa ombi. Mkimsikia mtu sokoni anamtukana Mungu, msimpite; mkemeeni, hata ikibidi kumpiga kofi.

Padre huyo alikuwa Yohane, ambaye vizazi vya baadaye vilimpa jina la Krisostomo, yaani Mdomo wa Dhahabu. Alikuwa na upadre wa mwaka mmoja tu, aliopewa na askofu wake, mzee Flavianus. Hakujua kwamba Kwaresima iliyokuwa mlangoni ingemkuta na mji mzima unaosubiri kufa. Mahubiri yake ya majuma hayo yamebaki hadi leo, 21 kwa hesabu ya kawaida, nayo huitwa mahubiri Juu ya Sanamu. Hilo la mvinyo ndilo la kwanza.

Nayaleta kwa wahubiri wenzangu, hasa sisi makatekista tunaoongoza ibada ya Dominika vigangoni padre asipofika, kwa sababu ya swali linalonisumbua. Kalenda ya Kanisa inakupa somo. Kijiji nacho kinakupa habari ya wiki. Utafanya nini vikigongana? Mimi niliwahi kulijibu vibaya. Usiku wa kuamkia Dominika ya pili ya Kwaresima mto ulikuwa umeingia kwenye nyumba za bondeni. Asubuhi watu wamekaa kwenye mabenchi na matope miguuni, nami nikasimama nikasoma homilia yangu ya Yesu kugeuka sura mlimani, neno kwa neno, kama nilivyoiandika Ijumaa. Sikuwataja. Mama mmoja wa jumuiya yetu alitoka kabla ya matoleo. Tangu hapo nimekuwa nikisoma kisa cha Antiokia kama mtu anayetafuta kitu alichopoteza.

Wakati ule ni miji michache tu ya dola ya Rumi iliyoizidi Antiokia kwa ukubwa. Yohane mwenyewe aliihesabia watu laki mbili. Ndiyo Antakya ya leo, kusini mwa Uturuki, mji uliobomolewa na tetemeko la Februari 2023. Asubuhi moja ikasomwa amri ya Kaisari Theodosius ya kodi mpya. Madiwani wakalalamika, wakaenda kumlilia liwali. Nyuma yao likakusanyika kundi lililoongozwa na wapambe wa ukumbi wa michezo, watu waliozoea kulipwa ili washangilie. Wakakata kamba za taa za bafu la umma. Wakazipiga mawe picha za Kaisari zilizochorwa kwenye mbao. Halafu wakafika kwenye sanamu za shaba: Theodosius mwenyewe, marehemu mkewe Flaccilla, baba yake, na wanawe Arcadius na Honorius. Wakazifunga kamba, wakaziangusha, vipande wakaviburuta barabarani. Kufikia adhuhuri wapiga mishale walikuwa wamewatawanya, na mji ukanyamaza.

Ni hapo watu walipoelewa walichokifanya. Kwa sheria ya wakati ule, aliyeipiga sanamu ya Kaisari alikuwa amempiga Kaisari. Liwali alianza kuua siku ileile, kwa moto, kwa upanga na kwa wanyama wakali, na hata watoto hawakusalimika. Lakini hofu kubwa ilikuwa hukumu itakayotoka Konstantinopoli, alikokaa Kaisari. Ilisemekana mji utachomwa. Waliokuwa na jamaa mashambani walikimbia, na wengine wakafia nyikani mikononi mwa wanyang'anyi. Hofu hiyo haikuwa ya bure: miaka 3 baadaye, Thesalonike, askari wa Theodosius huyohuyo waliwaua maelfu ya raia kwa sababu ya ghasia.

Sasa tumtazame mhubiri.

Jambo la kwanza alilofanya Yohane ni kunyamaza siku saba. Alipopanda tena kuhubiri alieleza sababu kwa kisa cha Ayubu: rafiki zake walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Sisi tunaifahamu adabu hiyo. Mtu akifika msibani hukaa kwanza mkekani na wenzake. Anayeingia akiongea tunamwona hana malezi. Mimi ile Dominika ya mafuriko niliingia msibani nikiongea. Na maneno ya kwanza ya Yohane baada ya kimya yalikuwa kwamba wakati ule ni wa machozi na si wa maneno, wa maombolezo na si wa hotuba. Huyo ni mtu aliyesomea ufasaha kwa mwalimu mkubwa kuliko wote wa mji, Libanius, ambaye hakuwa Mkristo. Alijua thamani ya neno, ndiyo maana alijua lini asilitoe.

Hapa pia ndipo alipokosea, na sipendi tulifunike kosa hilo kwa kuwa yeye ni mtakatifu. Aliwaambia watu kwamba msiba umewapata kwa sababu hawakumtii: angalikemewa yule anayemtukana Mungu, Mungu asingaliacha Kaisari atukanwe. Simfuati. Watoto waliouawa na liwali hawakumtukana yeyote. Aliwalaumu pia wageni na watu wa kuja kwa ghasia zile, jambo ambalo kila mji husema baada ya ghasia. Mhubiri aliyeogopa pamoja na watu wake hutafuta sababu haraka, na sababu iliyo karibu huwa ni lile alilohubiri juzi. Nimeiona tabia hii kwangu mwenyewe. Tena katika miaka hiyohiyo, 386 na 387, kinywa hichohicho kilitoa mahubiri makali ya kuwadharau Wayahudi wa Antiokia, maneno yaliyokuja kutumiwa vibaya kwa karne nyingi. Anayejifunza kwake ajifunze akiwa amefumbua macho.

Kisha Kwaresima ikaanza, na hapo ndipo kisa kinapoingia kwenye jambo letu.

Askofu Flavianus alikuwa ameondoka kwenda kumwombea mji kwa Kaisari. Alikuwa mzee, safari ilizidi kilomita 1,000, majira ya baridi hayajaisha, na dada yake alikuwa kitandani akikaribia kufa. Kiti chake kanisani kikabaki wazi, na Yohane alikionyesha watu kama sehemu ya mahubiri: baba hayupo, na kutokuwepo kwake ndiko faraja yetu, kwa maana yuko njiani kwa ajili yetu. Baada ya hapo akafungua habari ya kufunga.

Angeweza kuhairisha mfungo. Nani angemlaumu? Mji unasubiri jeshi, na wewe unawaambia watu juu ya nyama na samaki? Lakini akafunga na watu wake, na akaupanua mfungo mpaka ukawagusa pale walipokuwa wanaumizana. Aliuliza kuna faida gani kuacha kula ndege na samaki huku tunawang'ata na kuwala ndugu zetu. Macho yafunge, alisema, na masikio, na miguu, na mikono, na kinywa pia kifunge maneno machafu. Mji ulikuwa umejaa uchongezi: nani alikuwepo, nani alishika kamba, nani ana deni na nani. Neno moja kwa mkuu wa askari lilitosha kumpeleka mtu kwenye mateso. Kusengenya katika siku hizo kulikuwa kuua. Kwa hiyo fundisho la kawaida la Kwaresima, ambalo mwaka mwingine lingepita juu ya vichwa, lilitua kila nyumba.

Akawapa amri tatu za kushika hadi Pasaka: wasiwe na adui, wasimseme mtu vibaya, wasiape. Hizo mbili za kwanza mtu anazielewa mara moja. Ya tatu ndiyo iliyonishangaza, kwa sababu ndiyo aliyoishikilia kuliko zote. Homilia baada ya homilia, akiwa ameeleza Maandiko na kuwafariji watu, anarudi palepale mwishoni: acheni viapo. Mji unaweza kuangamizwa kesho, na mhubiri anadai watu waache kuapa! Kwa miaka niliona ni ukaidi wa padre kijana. Nimebadili mawazo.

Msomaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri ya kumwelewa. Hebu jisikilize siku moja tu. Haki ya Mungu. Wallahi tena. Mungu mmoja. Kwa mwuza nyanya, kwa kondakta, kwa mtoto aliyevunja kikombe. Na lugha yetu ina neno ambalo Yohane angelipenda sana kama angelijua: sisi kiapo tunakila. Kula kiapo, kula yamini. Mtu ameacha nyama siku 40 na kutwa anakula viapo.

Viapo vya Antiokia vilikuwa na meno. Katika moja ya mahubiri anachora picha ya nyumba watu wakiwa mezani. Mama mwenye nyumba anaapa kwamba mtumwa fulani atachapwa; mume anaapa kwamba hatachapwa. Sasa lolote litakalotendeka, mmoja wao ameapa uongo, na anayelipa kwa mgongo wake ni mtumwa ambaye hakusema neno. Alimleta pia Herode, aliyemkata kichwa Yohane Mbatizaji akiona aibu kukivunja kiapo chake mbele ya wageni. Mtu aliyeapa ni mtu aliyejifunga asiweze kusamehe. Na jambo ambalo mji ule uliliomba usiku na mchana ni kwamba Kaisari asiwe amejifunga hivyo. Sikuiona kamba hii miaka yote hiyo: aliwataka watu wayafanye kwa watumwa wao yale waliyomwomba Theodosius awafanyie wao.

Kuna sababu nyingine, ya kichungaji. Mtu mwenye hofu anahitaji kazi. Kuangushwa kwa sanamu hakutenduliki na kodi haiondoki, na Flavianus yuko njiani, hakuna wa kumharakisha. Lakini kiapo cha leo asubuhi kinaweza kuachwa. Yohane aliwapa watu wasio na uwezo juu ya lolote jambo moja lililo ndani ya uwezo wao, dogo, la kila saa, linalopimika jioni. Mhubiri anayewaambia watu waliofiwa "mtumainini Bwana" kisha akaketi, anawaacha mikono mitupu.

Masomo nayo aliyafuata. Katika Kwaresima Antiokia ilisoma kitabu cha Mwanzo, desturi ambayo Waorthodoksi wanayo hadi leo katika sala za jioni za mfungo, wakiwamo ndugu zetu wa Kenya na Uganda. Mji unatetemeka, na somo la siku ni "Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi." Yohane hakulikwepa. Alisema Mungu aliyetengeneza vitu vyote hivi kwa ajili yenu hawasahau leo. Kisha akafika kwenye bustani, kwenye swali "Uko wapi?" Akawaonyesha kwamba Mungu alimwita mkosaji kwa jina lake, ampe nafasi ya kufungua kinywa na kuungama. Mwenye chuki hataki hata kulitamka jina la adui yake. Sauli hakusema Daudi, alisema mwana wa Yese. Fikiria maneno haya yanaingiaje sikioni mwa mtu ambaye kaka yake yuko korokoroni akisubiri jina lake lisomwe na hakimu.

Ninyi mnaohubiri, angalieni vizuri alichofanya hapo. Hakugeuza andiko lizungumze juu ya Theodosius. Alieleza Mwanzo sura ya tatu, na msikilizaji mwenyewe akapeleka maana pale palipokuwa na jeraha. Katika Misale yetu Dominika ya kwanza ya Kwaresima, Mwaka A, tunasoma habari hiyohiyo ya bustani. Hati ya Liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ya mwaka 1963, inaagiza homilia ieleze mafumbo ya imani kutoka Maandiko Matakatifu katika mzunguko wa mwaka wa Kanisa. Zamani nililisoma agizo hilo kama ratiba. Antiokia imenifundisha kwamba mzunguko wenyewe una kazi: somo ambalo hukulichagua hukuzuia usihubiri hofu yako.

Kwaresima ikiendelea wakafika maofisa wawili wa Kaisari, Caesarius na Hellebichus. Mabafu, kumbi za michezo na uwanja wa mbio za farasi vikafungwa. Antiokia ikavuliwa hadhi ya mji mkuu, ikapewa Laodikia. Madiwani wakafungwa minyororo. Siku ya mashauri Yohane alikwenda mahakamani akaona kwa macho yake, na maelezo yake ni kati ya kurasa nzito nilizowahi kusoma: mama na dada wa mshtakiwa mmoja, wanawake wa nyumba ya heshima, wamekaa chini kwenye kizingiti, nyuso wamezifunika, wakizisikia fimbo ndani bila kuweza kuingia. Alisema walipigwa wao zaidi ya aliyepigwa. Kutoka hapo alipita kwenye hukumu ya mwisho, na kwa mara moja katika maisha yangu kupita huko hakukunikera, kwa sababu alikuwa amekaa kwanza kizingitini na wale wanawake.

Wamonaki wakashuka kutoka milimani na kuwazuia maofisa njiani. Mmoja wao, Macedonius, mtu asiye na elimu ya shule, alituma ujumbe kwa Kaisari kwamba sanamu za shaba zimekwisha kutengenezwa upya, lakini Kaisari, akimwua mtu aliye sura ya Mungu, hataweza kumrudishia hata unywele mmoja. Habari hii imehifadhiwa na askofu Theodoret wa Kiro. Maofisa wakaahirisha mauaji, na Caesarius akapanda kwenda Konstantinopoli kuuliza upya. Kuhusu hadhi iliyovuliwa, Yohane aliwaambia watu waache kulia: ukuu wa Antiokia ni kwamba hapo ndipo wanafunzi walipoitwa Wakristo mara ya kwanza, na kwamba njaa ilipoingia waliwapelekea msaada watu wa Yerusalemu.

Zaidi ya nusu ya mfungo ilipopita, watu wakaanza kufurahi. Nusu imekwisha! Nasi tunaisikia furaha hii kila mwaka wiki ya nne, nyama ikianza kunukia kwa mbali. Yohane akawaambia wasihesabu nusu ya siku, wahesabu kama nusu ya dhambi imekwisha. Sijui sentensi nyingine inayoeleza kazi ya majira ya Kanisa vizuri hivyo. Kalenda inapita yenyewe, hata kwa aliyelala.

Alikuwa mwangalifu pia kwa wanyonge. Wapo waliokwisha kula mchana wakaona aibu kuja kanisani jioni kusikiliza mahubiri pamoja na waliofunga. Akawaita. Aliyekula kwa sababu ya udhaifu wa mwili, alisema, haimzuii chochote kula neno. Hili nimelichukua kama lilivyo hadi kigangoni kwetu, kwa wazee wenye kisukari wanaotumia dawa na kukaa nyuma kabisa siku ya Njia ya Msalaba.

Flavianus alirudi kabla ya Pasaka na msamaha. Yohane aliwasimulia watu yaliyosemwa mbele ya Kaisari: askofu alisimama mbali, kimya, akilia, mpaka Theodosius mwenyewe akamsogelea. Flavianus alimkumbusha Konstantino, Kaisari wa kabla yake, ambaye alipoambiwa sanamu yake imepigwa mawe usoni alijipapasa uso akacheka kwamba haoni jeraha. Akamkumbusha pia barua aliyoiandika yeye Theodosius mwaka mmoja, alipowafungulia wafungwa kwa heshima ya Pasaka, akitamani laiti angeweza kuwafufua na waliokufa. Sasa unaweza, alisema Flavianus. Miezi hiyohiyo, Milano, Augustino alibatizwa na Ambrosi katika mkesha wa Pasaka.

Habari za msamaha zilipofika, watu waliipamba Antiokia kwa maua na kuwasha taa sokoni. Yohane aliwaomba waendelee kuivika mji taji baada ya maua kunyauka, kwa mwenendo. Watu waliogopa miezi miwili, wakaokoka, wakarudi kwenye mabafu na mbio za farasi.

Na viapo? Kufikia mwaka 400 hivi Yohane alikuwa askofu wa Konstantinopoli, mji wa Kaisari. Mahubiri aliyoyatoa huko juu ya Matendo ya Mitume yapo. Katika kadhaa kati yake, akishamaliza kueleza somo la siku, anawageukia watu na kuwaomba waache kuapa.